Ukinyoa mapema, dawa itang'oa nini?

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa hapa Kigoma mjini alipita kuniaga. Titi lilishatolewa kwa ajili ya saratani, kidonda kimepona, na barua ya kwenda kuanza kemo, yaani dawa za saratani za kupitia dripu, Mwanza iko mkobani. Walimu wenzake na wanakwaya walikuwa wameandaa Jumamosi ya kunyoa vipara: kila anayekaa kwenye kiti cha kinyozi anatoa mchango, na watazamaji nao wanachangia, ili wagonjwa wa saratani wasio na uwezo wapate nauli. Yeye ndiye angefungua dimba. Nikampongeza kwa dhati. Ndipo akaongeza, akicheka: "Na hapo nitakuwa nimeiwahi dawa, sista. Itanikuta sina nywele, itang'oa nini?"

Sikucheka. Hiyo nimeisikia mara nyingi mno, hadi kwa watu wanaovaa koti jeupe.

Kemo haina habari na nywele unayochana. Nywele iliyo juu ya ngozi imeshakufa, ndiyo maana mkasi hauumi. Dawa inasafiri na damu mpaka kwenye mzizi, milimita chache chini ya ngozi, ambako seli zinagawanyika usiku na mchana. Dawa nyingi za kemo hupiga seli zinazogawanyika haraka, ziwe za saratani au zako nzima, na kichwani karibu nywele tisa katika kila kumi ziko kwenye kipindi cha kukua. Wembe haufiki huko. Ukinyoa leo, wiki 2 au 3 baada ya dozi ya kwanza vile vishina vilivyobaki vitaachia vilevile, utavikuta kwenye foronya kama unga wa penseli iliyochongwa. Kope na nyusi nazo zinaweza kwenda, na sijaona anayezinyoa ili kuziwahi.

Kama ingekuwa dhana tu ningeiacha ipite. Tatizo ni kwamba inakuja na wembe mkononi. Mtu amezoea kuona watu wakinyolewa msibani mpaka kichwa kinang'aa, basi anadhani kadiri kinavyong'aa ndivyo dawa inavyokosa pa kushika. Vikiota vinywele viwili anarudia. Sasa, kwa dawa nyingi tunazotumia, chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Mkwaruzo ambao wewe na mimi tungeusahau kesho yake, kwake ni mlango wa vijidudu. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikiwa zimepungua pia, hata damu haikatiki upesi. Nimepokea mgonjwa mwenye majipu kisogoni na mwili unawaka, na alichokuja kuulizia ni nywele zitaota lini!

Homa ya nyuzi 38 kwa mtu aliye kwenye kemo ni ya kwenda hospitali usiku huohuo. Usimeze panadoli ukalala, usiseme ni malaria tu, usisubiri kukuche. Wanaonijua wamechoka kunisikia: nunua kipimajoto kwanza, wigi baadaye.

Simkatazi mtu kunyoa. Nilimwambia mwalimu anyolewe kwa mashine, wembe usiguse, abakize kama nusu sentimita, na afanye hivyo kabla ya dozi ya kwanza. Rasta zifumuliwe mapema, dawa ya kunyoosha nywele iachwe, na jua la hapa kwetu lisipige utosi mtupu. Nywele fupi zikidondoka haziumizi moyo kama mafungu marefu yanayobaki kwenye kitana. Na alinipa sababu yake nyingine: alitaka ziondoke siku aliyoipanga yeye. Hapo sina la kubisha.

Kitu kinachoweza kuzipunguzia dawa njia ni kofia maalumu ya baridi inayovaliwa wakati wa dripu, kwa kuwa baridi hubana mishipa ya damu ya kichwani. Nayo haiokoi kila mtu, na huku kwetu sijaiona. Mafuta ya mise hayafanyi kazi hiyo, hata ukipakaa chupa nzima. Yatalainisha ngozi, basi.

Wapo wanaosema nywele zikitoka ujue ugonjwa umepanda kichwani. Hapana, hiyo ni dawa. Maneno haya ya majirani yamewafanya watu waache dozi katikati, jambo baya kuliko kipara chochote.

Wengine ni kinyume chake: nywele zisipotoka, wamepewa dawa feki. Inategemea dawa gani. Ile nyekundu, doksorubisini, inayotisha kwa kubadilisha hadi rangi ya mkojo, huondoa karibu zote. Sisplatini, inayotolewa pamoja na mionzi kwa saratani ya shingo ya kizazi, kwa kawaida huzipunguza tu. Mama mmoja alirudi na kichwa chake kimejaa akanilalamikia kana kwamba ameibiwa.

Mionzi yenyewe huondoa nywele pale inapoelekezwa. Ikipigwa nyonga, kichwa hakihusiki.

Zinarudi? Karibu kwa wote. Huanza kuchipua ndani ya miezi michache baada ya dozi ya mwisho, kisha kama sentimita moja kwa mwezi. Usishtuke zikianza na mvi au mawimbi usiyoyajua.

Kwa mnaonyoa kumuunga mkono mgonjwa: muulizeni kwanza. Huku mwanamke akionekana na kipara, swali la kwanza ni amefiwa na nani, na mgonjwa aliyezungukwa na vipara kumi anaweza kujiona yuko kwenye matanga yake mwenyewe. Kisha mchango ufike. Kwa anayetibiwa Dar es Salaam, kutoka Kigoma hadi huko kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na ratiba nyingi za kemo zinamtaka mtu arudi kila baada ya siku 21. Nauli ya mara moja mnayomkabidhi mkipigwa picha inaishia kwenye dozi ya kwanza. Nywele mlizonyoa zifagieni, wigi hazishonwi kwa nywele za urefu wa punje ya mchele.

Mwalimu alipokuwa mlangoni akauliza kama wenzake watakaonyolewa kwa mashine ileile wanaweza kuambukizwa saratani. Hawawezi. Mapunye ndiyo yanayohama na mashine, kwa hiyo kinyozi apitishe spiriti kila anapobadilisha kichwa. Ila wembe mmoja kwa watu wawili, hapo sikubali kabisa: virusi vya homa ya ini B hukaa kwenye damu ya wembe, na hiyo ndiyo homa inayoweza kuishia kwenye saratani ya ini.