Kipengele cha bingwa: mkanda unaomfunga aliyeushinda

Kipengele cha bingwa ni sharti linalowekwa kwenye mkataba kati ya mpiganaji wa MMA, mchezo wa kupigana unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, na kampuni inayomwandalia mapambano. Mkataba ukifika ukingoni huku mpiganaji bado anashikilia ubingwa, hauishi, unajiongeza wenyewe. Katika mikataba ya UFC, kampuni kubwa ya MMA ya Marekani, iliyowahi kufika mahakamani, nyongeza hiyo ilikuwa mwaka mmoja au mapambano matatu, kutegemea kipi kitatangulia.

Mtu wa soka atashangaa. Huko mkataba ukiisha, nyota anaondoka bure hata kama jana yake ndiye aliyenyanyua kombe. Kwenye MMA aliyepigwa ndiye anayeachiwa njia. Bingwa, ambaye kampuni pinzani zinammezea mate, ndiye anayezuiwa.

Chanzo chake ni umiliki wa mkanda. Kwenye ngumi, mikanda ya WBC, WBA, IBF na WBO hutolewa na mashirika yaliyo nje ya mapromota, hivyo bondia anaweza kubadili promota na kubaki na ubingwa wake. Marekani ina hata sheria ya mwaka 2000, yenye jina la Muhammad Ali, ya kuwalinda mabondia. MMA haimo katika sheria hiyo. Mkanda wa UFC ni mali ya UFC, na anayehama anauacha.

Mfano mzuri ni Francis Ngannou, Mkameruni aliyekulia Batié akifanya kazi kwenye machimbo ya mchanga. Machi 2021 alimzimisha Stipe Miocic akawa bingwa wa uzito wa juu. Januari 2022 akautetea mkanda dhidi ya Ciryl Gane, goti likiwa bovu. Ushindi ule ule uliompa heshima ndio uliomzidishia kifungo. Kilichomnusuru ni kwamba mkataba wake ulikuwa na ukomo wa muda. Alifanyiwa upasuaji wa goti, akajiuguza, mazungumzo ya malipo yakakwama, na mwisho wa 2022 muda ukaisha. Si wengi wenye uwezo wa kukaa mwaka mzima bila pambano, bila malipo ya pambano.

Hata hapo kulikuwa na kizuizi cha pili: haki ya kulinganisha ofa. Kampuni ya zamani hupewa nafasi ya kutoa masharti sawa na ya kampuni mpya, na ikifanya hivyo mpiganaji haruhusiwi kwenda. Mpiganaji Eddie Alvarez alinaswa hapo. UFC ilimtaka, Bellator, kampuni aliyokuwa akiipigania, ikasema imelinganisha ofa, yeye akabisha kwamba mgao wa mauzo ya matangazo ya kulipia ya UFC si sawa na wa kampuni isiyofanya biashara hiyo kwa ukubwa ule. Wakafikishana mahakamani New Jersey, mwisho wakasuluhishana. Novemba 2013 alirudi Bellator kumpiga Michael Chandler, na mwaka 2014 ndipo akahamia UFC.

Kwa Ngannou, UFC iliamua kutoitumia haki hiyo. Januari 2023 ilimwachia na kumvua ubingwa siku hiyo hiyo. Mei akasaini na PFL, kampuni nyingine ya MMA, kwa masharti yaliyomruhusu kupigana ngumi pia, na Oktoba, mjini Riyadh, alimwangusha bondia Tyson Fury raundi ya tatu kabla ya kupoteza kwa pointi. Mwenyewe alisema pambano hilo moja lilimlipa kuliko yote aliyopigana UFC. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo hoja kali kuliko zote dhidi ya kipengele hiki: bei halisi ya mtu haijulikani mpaka aruhusiwe kuingia sokoni.

Wapiganaji waliishitaki UFC tangu Desemba 2014, wakidai mikataba ya namna hii inaua ushindani na kushusha malipo. Mwaka 2025 mahakama iliidhinisha suluhu ya dola milioni 375. Suluhu hiyo ilikuwa ya fedha, haikufuta kipengele cha bingwa.