Shule ya lugha mbili Berlin: tunayoambiana, na yalivyo kweli

Kila Januari simu yangu huwa haitulii, wazazi wenzangu wakiniuliza habari za shule. Shule za msingi za Berlin huishia darasa la sita, na mwisho wa mwezi huo mtoto hurudi nyumbani na ripoti, maoni ya walimu kuhusu sekondari inayomfaa, na fomu ya mzazi kujaza shule tatu kwa mpangilio wa anavyozitaka. Wengi wetu, wazazi tunaoongea Kiswahili hapa Berlin, tunaijaza kwa kusikia tu: fulani alisema, kanisani walisema, kwenye kundi la wazazi walisema. Mengi ya hayo yanayosemwa si kweli, na wanaoumia ni watoto.

“Shule ya lugha mbili ni ya wenye pesa.”

Hili tumelibeba kutoka nyumbani. Kwetu Tanzania ukitaja mchepuo wa Kiingereza, kinachofuata ni ada, basi la shule na sare za bei. Kwa hiyo mzazi akifika Ujerumani na kusikia “lugha mbili”, anahesabu mshahara wake na kukata tamaa kabla ya kuuliza.

Ukweli ni kwamba Berlin ina shule za serikali za lugha mbili, na hazina ada. Mpango unaoitwa Staatliche Europa-Schule Berlin ulianza mwaka 1992. Kijerumani kinaoanishwa na mojawapo ya lugha tisa, zikiwemo Kiingereza, Kifaransa na Kireno, na masomo yanagawanywa kati ya lugha hizo mbili. Upande wa Kiingereza kuna sekondari kama Schiller-Gymnasium kule Charlottenburg. John-F.-Kennedy-Schule, iliyoanzishwa mwaka 1960, nayo ni ya serikali, ingawa kupata nafasi ni kazi na watoto wengi huingia wakiwa wadogo kabisa.

Ndugu zetu wa Bukavu, Goma na Bujumbura, hili linawahusu zaidi. Ipo sekondari ya serikali inayofundisha kwa Kifaransa, Französisches Gymnasium, iliyoanzishwa mwaka 1689 kwa ajili ya Waprotestanti waliokimbia Ufaransa. Shule ya wakimbizi tangu siku ya kwanza! Mwanafunzi anaweza kumaliza na Abitur ya Kijerumani au baccalauréat ya Kifaransa, vyeti vya kumaliza sekondari vinavyomwingiza mtu chuo kikuu. Nimekutana na wazazi waliosoma kwa Kifaransa tangu utoto, wanaishi vituo vichache tu vya treni kutoka pale, na hawajawahi kuisikia.

Gharama zipo, tusidanganyane. Sekondari mzazi huchangia vitabu, hadi euro 100 kwa mwaka, halafu kuna chakula cha mchana na safari za darasa. Kadi ya usafiri ya mwanafunzi ni bure. Kama mnapokea msaada wa serikali, hata ule wa kodi ya nyumba, mtoto ana haki ya kulipiwa safari za darasa na chakula, pamoja na pesa za vifaa vya shule, ambazo mwaka 2025 zilikuwa euro 195. Pesa hizo wenzetu wengi hawaziombi. Wanaona aibu, au wanadhani zitawaharibia karatasi za ukaazi. Usiache haki ya mtoto kwa kuogopa uvumi. Muulize mshauri wa mambo ya uhamiaji kuhusu hali yako wewe.

“Shule binafsi zote zina bei moja.”

Hapana. Katiba ya Ujerumani, ibara ya 7, hairuhusu shule binafsi zinazosimama badala ya za serikali kuwachuja watoto kwa mifuko ya wazazi. Ndiyo maana nyingi hupanga ada kwa kuangalia kipato cha nyumba. Lakini ziko shule za kimataifa zinazotoza zaidi ya euro 15,000 kwa mwaka. Uliza kwanza shule iko kundi gani, ndipo uulize bei. Na usitoe hata senti kabla ya kusoma mkataba: dada mmoja muuguzi, anayefanya kazi usiku, alilipa pesa ya kushikilia nafasi kwenye shule moja binafsi, mtoto akashindwa mtihani wa lugha, na pesa haikurudi. Anayelipa ada ya shule inayotambuliwa akumbuke pia kwamba asilimia 30 yake huingia kwenye hesabu za kupunguza kodi, mwisho euro 5,000 kwa kila mtoto kwa mwaka.

“Cheti cha kimataifa kinafungua kila mlango.”

Diploma ya IB (International Baccalaureate), cheti cha sekondari kinachotolewa na shule nyingi za kimataifa, inatambuliwa na vyuo vikuu vya Ujerumani kwa masharti, na masharti yenyewe ni mchanganuo wa masomo. Mtoto akichagua hesabu au sayansi isiyokidhi, anamaliza na cheti kizuri kisichomfikisha chuo alichokitaka papa hapa. Swali hilo linaulizwa kabla ya kuchagua masomo, si baada ya matokeo. Na kama mnapanga kurudi Tanzania, cheti cha nje hupelekwa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kulinganishwa na vya kwetu.

“Mtoto wangu tayari anaongea Kijerumani, ataweza tu.” Na pacha wake: “Acheni Kiswahili nyumbani, kinamchanganya.”

Haya mawili nayaweka pamoja kwa sababu nyumbani kwangu yalikuja pamoja. Mwalimu mmoja alinishauri, kwa nia njema, niongee na binti yangu Kijerumani tu. Kijerumani changu mimi, cha kuungaunga!

Mtafiti Jim Cummins wa Kanada alishaeleza tofauti hii tangu miaka ya 1970 na 1980: lugha ya kuchezea mtoto mgeni huipata ndani ya miaka kama miwili, lakini lugha ya kusomea, ile ya vitabu na mitihani, huchukua miaka mitano hadi saba. Pia alionyesha kwamba anachokielewa mtoto katika lugha ya kwanza humsaidia katika ya pili. Ndiyo maana shule za lugha mbili hupima lugha kabla ya kupokea mtoto anayeingia katikati, na ndiyo maana kumsikia akicheka na wenzake uani hakutoshi.

Binti yangu alikuwa hivyo. Uwanjani huwezi kumtofautisha na wenzake, lakini jioni moja alikaa mbele ya karatasi ya biolojia, neno Fotosynthese limepigiwa mstari, machozi yanamlengalenga. Nikalitazama, nikacheka kwa furaha, maana hilo nalijua! Usanisinuru. Nililisoma shule ya msingi, kwa Kiswahili. Nikamtoa nje hadi barazani, tukainama kwenye ndoo ya mchicha wangu. Nikamwonyesha jani: hapa linapokea mwanga, maji yanapanda kutoka kwenye mizizi, hewa inaingia kwa vitundu usivyoviona, mmea unajipikia chakula chake. Akauliza maswali mawili, yote kwa Kiswahili. Kisha akarudi mezani na kuandika jibu lake lote kwa Kijerumani, mistari sita, bila kuniuliza neno.