Mashine ya kujiazimia vitabu: maneno ya kijiweni na hali ya kaunta

Ubishi niliukuta kwenye meza ya chai, Mwanjelwa. Je, maktaba ya umma hapa Mbeya inunue mashine ambayo msomaji anajiazimia kitabu mwenyewe, au fedha hizo ziende kwingine? Kila mtu alikuwa na jibu, na majibu mengi yalijengwa juu ya mchanga.

"Wenzetu wanazo, sisi tumelala." Singapore, ambayo ilianza kuweka vitambulishi vya redio, yaani vibandiko ambavyo mashine huvisoma kwa mawimbi ya redio, kwenye vitabu vya maktaba ya Bukit Batok mwaka 1998, ilikuwa inakimbizana na foleni: waazimaji walizidi uwezo wa kaunta. Sasa ingia maktaba ya mkoa huku Nyanda za Juu Kusini mwezi Oktoba, mtihani wa kidato cha nne ukibisha hodi. Viti vimejaa vijana walioinamia madaftari waliyokuja nayo kutoka nyumbani. Pale kaunta, mtu mmoja, au hakuna. Foleni ipo, ila ni ya kugombea kiti, na mashine ya kuazimia haiongezi kiti hata kimoja.

"Gharama ni kununua mashine tu." Hili ndilo linaloumiza zaidi. Mashine haikijui kitabu mpaka kitabu hicho kiwe kimeingizwa kwenye kompyuta na kubandikwa bakodi au kitambulishi. Tuseme maktaba ina vitabu 20,000, na kila kimoja kinachukua dakika 2, tena kwa mkono mwepesi. Hizo ni dakika 40,000, yaani zaidi ya saa 660. Mtu mmoja akipiga kazi saa 8 kwa siku atatumia siku 83 za kazi, karibu miezi minne, bila kumhudumia msomaji yeyote. Muuza mashine haandiki hayo kwenye ankara yake. Kisha kuna umeme. Kitambulishi hakina betri, kinaamshwa na kisomaji. Lakini kisomaji chenyewe na kompyuta vinataka umeme. Ukikatika, mhuri wa tarehe na kadi vinarudi mezani, kwa hiyo asivitupe mtu.

"Basi bila mamilioni haiwezekani." Nalo si kweli, na hapa wapinzani wa mashine hawanipendi. Ipo programu huria ya maktaba iitwayo Koha, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000. Jina lake ni la Kimaori, maana yake zawadi. Haina ada ya leseni, na ndani yake kuna sehemu ya msomaji kujiazimia. Inatosha kompyuta ya kawaida na kisomaji cha bakodi kama kile cha dukani. Fedha itamwendea fundi wa kuitunza, na huyo msimpunje.

"Wizi utakwisha." Lango la mlangoni, lile la kugundua kitabu kinachotoka bila kuazimwa, hulia tu, halimshiki mtu. Tena kitabu chenye kitambulishi cha redio ukikifunga vizuri kwa foili, ile ya kufungia chipsi, kinaweza kupita kimya.

Kuhusu wakutubi kufukuzwa: anayedhani kazi yao ni kugonga mihuri hajawahi kumwona mkutubi akimtafutia mkulima wa viazi kutoka Umalila kijitabu kinachoeleza ugonjwa wa mnyauko kwa lugha anayoielewa. Kusoma si kugonga mhuri, na kumsaidia mtu kusoma vilevile.

Mwingine pale mezani alisema jiji liamue lenyewe. Maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na chombo kitakachonunuliwa Mbeya kikishindwa kusomana na kumbukumbu za Iringa, tumejifungia chumbani. Mimi ningeanza na jambo la bei nafuu: daftari la kuazimia la mwaka jana lifunguliwe, zihesabiwe siku ambazo kaunta ilikuwa na foleni.