Kabla uforwadi, uliza karatasi iko wapi

Kuna swali moja sisi watu wa mafunzo ya vyombo vya habari hatukosi kuulizwa, tukienda Kayole, tukienda Kibra, hata tukikaa na wazee wa nyumba kumi kule Lang'ata: "Sasa mwalimu, tuamini nani?" Na ukisikiza vizuri unaona huyo mtu hatafuti jina la stesheni ya redio, amechoka tu. Ameambiwa hii ni feki, ile ni propaganda, hiyo picha imetengenezwa na kompyuta, mpaka amefika mahali anasema wote ni waongo basi, na akishasema hivyo hata kikao cha maoni ya umma cha wadi yake haendi, juu ataenda kufanya nini. Mimi huyo ananipa wasiwasi kuliko shangazi anayeforwadi kila kitu kwa grupu la familia. Shangazi bado anajali.

Kwa hivyo siku hizi jibu langu ni moja, acha kuanza na nani, anza na wapi. Karibu kila jambo la serikali linalokugusa lina karatasi mahali: mswada, fomu ya matokeo, notisi ya Gazeti Rasmi, hukumu ya korti. Hiyo karatasi inakaa wapi na mwananchi wa kawaida anaifikia aje? Hapo ndio elimu yenyewe iko.

Na ukweli ni kwamba watu wa Nairobi wanajua hii kazi tayari, hakuna haja ya kuwafundisha kama watoto. Mwenye duka Gikomba ukimwonyesha meseji kwa simu yako ati pesa umeshatuma, mzigo hautoki, anachukua simu yake mwenyewe anaangalia balansi. Hashughuliki kama meseji imeandikwa vizuri ama imeandikwa vibaya, anaenda pale pesa inakaa. Sasa hiyo akili ikifika kwa siasa sijui huwa inaenda wapi.

Chukua Mswada wa Fedha wa 2024, ule uliotaka kuleta ushuru mpya. Hakuna taasisi iliyowatuma vijana kuusoma, waliupakua wenyewe kwa tovuti ya Bunge, wakaukatakata vipande, wengine wakautafsiri kwa lugha za mama, wengine wakauelezea kwa TikTok na kwa vikao vya X usiku mpaka saa nane, na ghafla kwa matatu unaskia watu wanabishana na namba za vifungu, mkate kuwekewa VAT ya asilimia 16, gari kulipiwa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Nimekaa kwa hii kazi na sikuwahi kuona kitu kama hicho. Watu walikuwa na mswada mkononi, ndio maana hata wabunge walipopigiwa simu walishindwa kuwaambia ati hamjasoma.

Lakini angalia kitu kingine kilitokea hapo hapo ambacho watu wamesahau. Tarehe 18 Juni ikatangazwa kwamba baadhi ya mapendekezo yameondolewa, ikiwemo hiyo ya mkate na hiyo ya gari. Sasa mtu akishea tarehe 20 bango la ushuru wa mkate lililochorwa tarehe 15, huyo hadanganyi, bango lilikuwa kweli kabisa wakati linachorwa, ni vile tu limepitwa, na bango halina tarehe, halisemi nimezeeka. Mswada una matoleo, kuna vile ulichapishwa, kuna ripoti ya kamati, kuna vile ulipita baada ya marekebisho, huu ulipita tarehe 25 Juni kwa kura 195 dhidi ya 106 na kesho yake Rais Ruto akasema hatatia sahihi. Kwa hivyo mtu akikwambia "mswada unasema", muulize mswada wa lini, na muulize bila kiburi juu pengine hata yeye hajui kuna wa lini na wa lini. Huu uongo wa kitu cha kweli kilichopitwa na wakati ndio naona unatusumbua zaidi kuliko zile video za kutengenezwa na akili mnemba zinazotisha watu, na hakuna programu itakugundulia, ni tarehe tu.

Kura nayo ni hivyo hivyo. Uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka picha za fomu za matokeo ya urais, 34A, kwa tovuti ya wazi, fomu za vituo zaidi ya 46,000, mtu yeyote mwenye bando angefungua. 34A ni ile inajazwa kituoni na nakala inabandikwa pale mlangoni, 34B ni ya eneo bunge, 34C ndio ya taifa. Televisheni zikaanza kujumlisha kila moja kivyake, na ukibadilisha chaneli unakuta hapa huyu ndio anaongoza, pale yule ndio anaongoza, mtaani watu wakasema ehe, hawa wamenunuliwa. Na fomu zilikuwa rundo moja! Kila chumba cha habari kilikuwa kinachota kwa mpangilio wake na kwa kasi yake, basi lazima namba zitofautiane njiani. Huyo jirani aliyekesha akitukana skrini angeweza kufungua fomu ya shule aliyopigia kura, ailinganishe na picha aliyopiga mlangoni, alale. Wengi hawakufanya kwa sababu ndogo sana, hawakuwa wanajua jina kamili la kituo chao ama liko chini ya eneo bunge gani, na Nairobi ina maeneo bunge 17, mtu anakaa Pipeline anadhani ni Embakasi tu, Embakasi gani? Ziko tano. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, hayo majina mtu anaweza kuyaandika kwa simu hata leo.

Vitu vingine havina karatasi na hapo lazima mtu awe mwangalifu. Hashitegi inayotrendi haina karatasi. Mwaka 2021 Mozilla Foundation ilitoa utafiti wa Odanga Madung na Brian Obilo kuhusu biashara ya kutrendisha maneno hapa Kenya, na watu waliokuwa kwa hiyo kazi walisema wanalipwa kama dola 10 mpaka 15 kushiriki kampeni, shabaha ikiwa majaji, wanaharakati na waandishi wa habari. Wanaingizwa kwa grupu la WhatsApp, wanapewa maneno ya kupost, wanaambiwa saa ngapi. Kwa hivyo ukiona akaunti nyingi zimeamka dakika moja kumtukana jaji mmoja, kwa sentensi moja, na koma imekosewa pale pale, hiyo ni shifti ya kazi. Usiijibu hata kwa hasira maanake hasira yako nayo inahesabiwa inaipandisha.

Picha na klipu sitakaa hapo sana, watu wengi sasa wanajua kukata skrinshoti na kuitafuta kwa Google ione kama ilishawahi kutumika. Naongeza tu: angalia magari yanaendeshwa upande gani wa barabara, angalia namba pleti, angalia mabango ya maduka, skiza watu wanaongea lugha gani pale nyuma. Mafuriko yakija Mathare, klipu za nchi zingine huja nayo.

WhatsApp ndio ngumu, na hapo ndio nataka tuongee pole pole. Kule ndani meseji zimefungwa, hata kampuni yenyewe inasema haiwezi kuzisoma, maana yake hakuna mkaguzi wa ukweli anayeweza kuingia grupu la ploti yenu aone kinachozunguka mpaka mmoja wenu amtumie. Africa Check wako na ofisi hapa Nairobi, PesaCheck wako, Piga Firimbi wa Africa Uncensored wako, lakini wote wanangoja uwatumie. Tangu Aprili 2020 meseji iliyoforwadiwa sana, ile iko na mishale miwili, unaweza kuipeleka kwa chati moja tu kwa wakati mmoja. Watu wakagundua ujanja, wanakopi na kupesti, ama wanapiga skrinshoti, mishale inapotea na meseji inakaa kama imeandikwa leo na mtu mnayemjua. Ndio mtu anakwambia "imetoka kwa mjomba", mjomba naye ameitoa wapi?

Sasa kumrekebisha mtu mzima mbele ya grupu zima, na wakwe wako pale, hapana. Nimeona vijana wanabandika alama nyekundu ya FEKI chini ya posti ya nyanya yao na familia haiongei wiki mbili, na uongo bado unabaki juu hapo. Mfuate inboksi. "Shikamoo shangazi, ile ya wazee kulipwa nimeitafuta kwa ofisi ya chifu, wanasema hawana hiyo orodha. Wewe uliipata kwa nani nimuulize?" Unampa nafasi aifute mwenyewe, na mara nyingi atafuta halafu yeye ndio atatangaza kwa grupu kwa sauti kubwa kuliko yako, acha tu achukue sifa. Admini naye anaweza kuweka sheria moja, ukileta tangazo la serikali leta na kiungo ama picha ya notisi yote, na tarehe ionekane. Hiyo sheria moja inapunguza kelele nyingi, shida ni maadmini wengi wanaogopa kuitwa madikteta.

Na karatasi ikikosekana kabisa? Tuseme barabara ya mtaa wenu imebomolewa, mkandarasi amepotea, kwa grupu kuna stori tano kuhusu pesa zilienda wapi, na MCA, yaani mwakilishi wa wadi, anasema mambo yako sawa. Hapo mwananchi ana kitu ambacho kwa mafunzo yetu wachache sana huwa wamewahi kukisikia. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema unaomba aje. Unaandika barua kwa Kiingereza ama Kiswahili, hiyo iko kwa sheria yenyewe, asikudanganye karani ati mpaka Kiingereza. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo na ofisa aandike. Kuomba hakulipiwi, labda gharama ya kutoa kopi, na sababu zako za kutaka kujua haziwezi kutumika kukunyima. Wana siku 21 za kujibu, na kama jambo linahusu maisha ama uhuru wa mtu ni saa 48.

Andika unataka nini hasa, mkataba wa barabara gani, malipo ya kutoka lini mpaka lini, maanake ukiandika "nataka kujua pesa zilienda wapi" watakujibu barua nzuri isiyo na kitu. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao, yako ipigwe muhuri wa mapokezi ukiona, kwa sababu hizo siku 21 zinahesabiwa tangu walipopokea, na wakinyamaza ama wakikunyima unaenda na hiyo yenye muhuri ofisi ya Ombudsman, ile inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali.