Fuga ni nini katika muziki wa Baroki?

Kama umewahi kuimba ile Aleluya ya Handel kwayani, mtindo wa fuga umeshauimba, hata kama mwalimu hakuutaja jina. Ni pale besi wanapoanza peke yao yale maneno ya Ufunuo 11:15, kwamba Bwana atatawala milele na milele. Wakifika mwisho wa sentensi, waimbaji wa tena (tenor, sauti ya wanaume iliyo juu ya besi) wanaidaka kwa ngazi ya juu zaidi, na besi hawanyamazi, wanaendelea na njia nyingine chini yao. Kisha alto, kisha soprano. Ukiwa safu ya tena unahesabu mapigo kwa kidole pajani, kwa sababu ukiwahi au ukichelewa pigo moja tu, wanaokufuata wote wanapotea nawe.

Hiyo ndiyo fuga kwa ufupi: wimbo mfupi mmoja, uitwao mada, unaotolewa na sauti moja, halafu sauti nyingine zinaupokea kwa zamu, kila moja ikiingia wakati iliyotangulia ingali inaimba. Jina limetoka Kilatini na Kiitaliano, maana yake kukimbia, na halina uhusiano na kitenzi chetu cha kufuga mifugo. Sauti moja inatimua mbio, nyingine zinaifuata.

Watu huichanganya na mambo mawili. La kwanza ni kiitikio: mmoja anaanzisha, kundi linajibu, kisha anapokea tena. Katika fuga hakuna kiongozi. Besi na soprano wana haki sawa ya kubeba mada, na hilo ndilo ninalolipenda zaidi katika muziki huu. La pili ni kanoni, ambapo kila sauti inaiga ya kwanza noti kwa noti hadi mwisho. Fuga inadai mwigo ule mwanzoni tu. Ukishamaliza kuimba mada, mtunzi anakupeleka anakotaka.

Mfano mzuri wa kuanzia ni fuga ya kinanda cha kanisani (ogani) katika ufunguo wa G ndogo (G minor) ya mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach, namba 578 katika orodha ya kazi zake, aliyoitunga akiwa bado kijana. Inaanza na sauti moja tu, ya juu. Kwa solfa ni la, mi, do: noti tatu za taratibu ambazo mtu yeyote anaweza kuzishika. Kisha ti la do ti la, na mwendo unazidi kukaza. Imbeni hizo noti nane mara tatu nne kabla ya kusikiliza, ndipo mtaona faida yake. Mada ikiisha, sauti ya pili inaipokea ikianzia kwenye noti ya tano ya ufunguo ukihesabu kutoka la, yaani mi. Kuingia huku kunaitwa jibu: wimbo ni uleule, ila umehamishiwa makao mengine. Sauti ya tatu inairudisha nyumbani. Ya mwisho ni besi, na mpigaji anaipiga kwa miguu, kwenye ubao wa chini wa kinanda. Handel katika Aleluya alipanda kutoka besi hadi soprano. Bach hapa anashuka kutoka juu hadi miguuni.

Sauti zote zikishaingia, kazi ya mtunzi ndiyo kwanza inaanza. Mada inapumzishwa kidogo, vipande vyake vinachezewa, ufunguo unabadilika, kisha mada inachomoza tena mahali ambapo hukuitarajia, mara nyingi katika sauti ya katikati ambako sikio halikuwa linatazama. Katika baadhi ya fuga sauti zinadakiana: ya pili inaingia kabla ya kwanza hata haijafika nusu ya mada. Waitaliano wanaita streto, yaani kubanana. Pia mada inaweza kupinduliwa, palipokuwa na kupanda pakawa na kushuka, au noti zake zikarefushwa maradufu.

Enzi ya Baroki, takriban mwaka 1600 hadi 1750, ndiyo iliyoifikisha fuga kileleni. Neno Baroki lenyewe hunasibishwa na Kireno, barroco, lulu isiyo mviringo kamili. Mwaka 1722 Bach alikamilisha mkusanyiko wa tangulizi (vipande vifupi vya kufungulia) na fuga 24, jozi moja kwa kila ufunguo mkubwa na mdogo. Mwaka 1747 alifika Potsdam kwa mfalme Frederick wa Prussia, akapewa mada ngumu papo hapo, akaijengea fuga ya sauti tatu bila kuandika chochote. Baadaye akamtumia mfalme nyingine ya sauti sita juu ya mada ileile. Sauti sita, kwa mikono miwili! Alifariki mwaka 1750, na fuga kubwa ya mkusanyiko wake wa mwisho imekatika katikati ya ukurasa.

Turudi kwa Handel. Aliandika Masiya, ile kazi ndefu ya kwaya ambamo Aleluya imo, mwaka 1741 kwa siku 24 hivi, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Kwaya zetu nyingi huishia Aleluya, nayo inafunga sehemu ya pili tu. Kazi nzima inafungwa na neno moja, Amina, lililojengewa fuga kamili, na natamani kuisikia kwetu mara nyingi zaidi. Hapa pia besi ndio wanaoanza. Karibu na mwisho waimbaji na ala zote wananyamaza kwa pamoja, kisha Amina ya mwisho inatoka polepole, sauti zote nne kwa mara moja.