Choo Kikishachacha, Friza Haikiokoi

Wiki hii tena kijana wa timu ya nyanjani ameniambia, "Daktari, usiwe na wasiwasi, sampuli zote za choo cha watoto zimeingia friza." Nikamuuliza ziliingia saa ngapi. Hajui. Daftari lina tarehe tu.

Nimechoka na jibu hilo. Sampuli hizo tunazichukua ili tujue ni bakteria gani wanaoishi utumboni, na friza husimamisha, hairudishi kilichokwisha kubadilika. Choo kikitoka mwilini bado ni hai. Bakteria wengi wa utumbo hawavumilii oksijeni, hivyo wakikutana na hewa hudhoofika au kufa. E. koli, bakteria mwingine wa utumbo, na jamaa zake wanamudu hewa, na katika kikopo chenye joto la mchana wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, huzaana mno. Niliwahi kufungua kikopo kilichosafiri usiku kucha kwa basi hadi Kampala: mfuniko umefura, na nilipoulegeza gesi ilitoka kwa mshindo. Gesi ile ilitengenezwa njiani. Mama mmoja mpika kwete, pombe ya kienyeji ya mahindi, nilipomweleza habari hii hakungoja nimalize. "Kinachacha," akasema. Ndiyo, mama, kinachacha.

Sasa fikiria watoto wa kijijini kando ya Ziwa Albert na watoto wa Kampala. Choo cha Kampala kinafika maabara kwa boda boda ndani ya nusu saa. Cha ziwani kinangoja gari la mradi hadi jioni. DNA ya bakteria ikisomwa, watoto wa ziwani wanaonekana wana E. koli wengi zaidi, na mtu anaandika kwamba sababu ni chakula, au maji. Inawezekana. Inawezekana vilevile kwamba amepima urefu wa safari! Ikiwa kila choo cha ziwani kilichelewa na kila cha mjini kiliwahi, hakuna takwimu itakayotenganisha hayo mawili. Mimi heri vyote vichelewe sawasawa kuliko nusu viwahi. Wapo wanaowafuta kwenye matokeo, kwa kompyuta, bakteria wanaojulikana kuzaana njiani. Nimefanya hivyo pia, na sikulala vizuri, kwa sababu ukimfuta E. koli wa mtoto anayeharisha huenda umeufuta ugonjwa wenyewe.

La kufanya si siri: nyuzi 80 chini ya sifuri, mapema iwezekanavyo. Kama friza iko mbali, tumia ethanoli, yaani spiriti, ya asilimia 95, ukoroge mpaka mabonge yavunjike. Ile ya asilimia 70 ya kufutia meza haitoshi. Fomalini, ile dawa ya kuhifadhia, waachieni wanaotafuta mayai ya minyoo, inaharibu DNA. Na umeme ukikatika sampuli zikayeyuka, msizigandishe tena kimyakimya. Andikeni, maana bakteria wenye kuta nyembamba, kama Bacteroides, hupasuka.

Hata hivyo ethanoli nayo inaacha alama yake. Gawa choo cha mtoto mmoja, nusu friza, nusu ethanoli, na majibu hayatalingana kikamilifu. Kinachonituliza ni kwamba kwa kawaida mtu na mtu hutofautiana kuliko friza na ethanoli, kwa hiyo matokeo makubwa huwa yanasimama. Madogo ndiyo yananitia shaka, yangu yakiwemo. Nina makala moja yenye tofauti ndogo kati ya vijiji viwili, na juzi nilirudi kwenye madaftari yake kutafuta saa ya kila kikopo. Nilikuta tarehe tu, kwa mwandiko wangu mwenyewe.