Je, wajua kwa nini kuokota unyoya Marekani kunaweza kukufikisha mahakamani?

Unyoya umelala chini ya mti, mweupe, mwepesi. Ndege mwenyewe ameshaudondosha na kuruka zake. Ukiuokota, nani ameumia? Hakuna. Lakini nchini Marekani, ukiwa wa ndege anayelindwa na sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918, kuutia mfukoni bila kibali ni kosa. Faini yaweza kufika dola 15,000, na kifungo miezi 6.

Chanzo cha yote hayo ni kofia. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanamke mwenye uwezo alivaa kofia iliyojaa manyoya, wakati mwingine hata ndege mzima aliyekaushwa. Aliyeandamwa kuliko wote ni yangeyange. Msimu wa kuzaa humwota mgongoni manyoya marefu, laini kama ukungu, na wawindaji walimvizia wakati huohuo, akiwa kiotoni. Mzazi akichunwa mgongo na kutupwa, makinda walibaki wakilia njaa hadi kufa. Mimi siwezi kusoma habari hiyo nikatulia.

Mwaka 1896, Harriet Hemenway na Minna Hall wa Boston walianza kuwashawishi wanawake wenzao waziache kofia hizo. Miaka 20 baadaye Marekani ikatia saini mkataba na Uingereza, iliyosimama kwa niaba ya Kanada, na sheria ya 1918 ikaupa meno. Jimbo la Missouri lilipinga, likidai ndege ni wake. Mwaka 1920 Mahakama ya Juu ya nchi ilikataa: ndege ambaye jana hakuwapo na kesho atakuwa jimbo jingine, nani atasema ni wake?

Sasa turudi kwenye unyoya wako. Askari wa wanyamapori akikukuta nao, hawezi kujua kama ulidondoka au ulinyonyolewa kwenye mzoga. Kama neno "niliokota" lingetosha, kila jangili angelisema. Kwa hiyo sheria haiulizi umeupataje. Inauliza kama unao.

Njiwa wa mjini na shomoro wa majumbani hawamo, kwa kuwa si wenyeji wa huko. Tai ana njia yake: mizoga hukusanywa kwenye ghala la serikali huko Colorado, na manyoya hugawiwa watu wa makabila asilia yanayotambuliwa, kwa ajili ya ibada zao. Waombaji ni wengi, na wapo wanaosubiri kwa miaka.